Terabaiti Arobaini na Tisa

Watu wazima hugombea mashamba, hugombea waume, hugombea hata kiti cha mbele harusini. Tsai Chin-lien, mama wa miaka hamsini na minane, mwenye wajukuu wawili na heshima zake mjini Huwei, roho ilimuuma kwa ajili ya pakiti moja ya vitafunio vya mahindi.

Ilikuwa pakiti ya kijani, ya ladha ya nazi, ile inayouzwa kila duka na watoto huililia. Jina lake maana yake ni "tulia, uwe mtoto mwema", na ndiyo sababu nchini kwao hakuna chumba cha kompyuta kisichokuwa nayo juu ya mashine, ili nazo zitulie. Masharti yake yanajulikana. Iwe ya kijani, maana ya manjano na nyekundu huchokoza mashine. Isiwe imepitwa na tarehe. Na mtu asiile. Wahandisi waliosoma mpaka macho yakachoka hucheka ukiwauliza kama wanaamini mambo hayo, halafu ukigeuka huenda kuangalia tarehe.

Katika Hifadhi ya Filamu za Vikaragosi, pakiti zilikuwa kazi ya Chin-lien kwa miaka ishirini na miwili. Yeye ndiye aliyezinunua, yeye ndiye aliyeziandika jina la mashine kwa kalamu nene, na kila tarehe mosi alipita kuzikagua moja moja. Hakuna aliyemwajiri kwa hilo. Lilikuwa lake tu, kama sufuria zilivyo za mwenye jiko.

Basi mwezi wa tisa ghala jipya la data lilipoletwa, makabati manne meusi yenye diski tupu za petabaiti mbili, Chin-lien alitoa pakiti kwenye droo, akaiandika kwa mwandiko wake mzuri, akashuka nayo. Akakuta nyingine imeshawekwa. Kando yake alisimama Hung Pei-shan, kachanua tabasamu, na Mkurugenzi Yu anampiga picha kwa simu.

"Dada Lien! Njoo uone!" Pei-shan akaita. "Nimeikumbuka mila. Nimeinunua mwenyewe asubuhi, hapo dukani kwenye kona."

"Naona," Chin-lien akasema, mkono wenye pakiti ukiwa nyuma ya mgongo.

"Huyu binti ni hazina," Mkurugenzi akasema. "Miezi minane tu hapa, na keshakuwa mwenyeji kuliko wenyeji."

Wakacheka, na Chin-lien akacheka nao. Akapanda juu, akairudisha pakiti drooni, akaifunga droo kwa goti. Tangu siku hiyo hakuitazama pakiti ya Pei-shan hata kwa jicho la pembeni. Tarehe mosi ikifika alikagua za mashine za zamani zote, na akifika kwenye makabati mapya alipita kama anayepita nyumba ya mtu asiyesalimiana naye. Aliyeiweka na aitunze.

Laiti Pei-shan angekuwa na kiburi, Chin-lien angepumzika. Mtu mwenye kiburi unamchukia mchana kweupe na watu wanakuunga mkono. Lakini huyu wa kutoka Taipei, mwenye miaka thelathini na mmoja na shahada mbili, alikuja na adabu zake zote. Asubuhi aliwaletea watu maziwa ya soya, na ya Chin-lien aliyaleta yasiyo na sukari bila kuulizwa. Alimwita Dada. Alisimama mkubwa akiingia. Kompyuta ya mtu ikigoma, watu waliokuwa wakipanda ngazi kumwita Chin-lien sasa waliishia kwenye meza ya Pei-shan, kwa kuwa ilikuwa karibu na mlango, walisema. Karibu na mlango! Kipya kinyemi ingawa kidonda.

Na juu ya yote kulikuwa na ufunguo. Mkurugenzi alikuwa ametangaza kwamba siku ya ufunguzi, tarehe kumi mwezi wa kumi na mbili, mbele ya wageni na wakuu wa vikundi vya vikaragosi, atamkabidhi mtu mmoja ufunguo wa ghala jipya. Mtu huyo ndiye atakayekuwa mkuu wa ghala. Chin-lien aliingia kazini wakati filamu zikikaa kwenye makopo yenye kutu, akazihamisha kwenye kanda, akazitoa kwenye kanda akazitia kwenye diski. Aliutaka ufunguo ule mpaka akauota.

"Unautakia nini, ufunguo wenyewe wa bati tu," alimtania Lo A-fu, fundi umeme, siku moja wakila wali chumba cha chai. "Tena nasikia umeshapata mwenyewe. Anakuja na maziwa ya soya."

"Wewe kula, A-fu. Mdomo ukijaa unapendeza zaidi."

"Aa, umenuna! Wivu huo, dada'angu, utakuota kwenye uso kama vipele."

Alikuwa na wivu, ndiyo. Kwa nini tumfiche? Ulimchoma akimwona Pei-shan akicheka na Mkurugenzi, na ulimchoma zaidi alipoona kicheko chenyewe hakina ubaya.

Siku tatu baada ya ile pakiti, Pei-shan alikuja mezani kwake na daftari.

"Dada Lien, nataka kupanga uhamisho. Ghala la zamani lina kiasi gani kwa jumla? Wewe ndiye unalijua."

Chin-lien akafungua mashine yake, akasoma. "Petabaiti moja nukta themanini na mbili."

"Moja nukta themanini na mbili. Vizuri, kwenye mbili inaingia na nafasi inabaki." Pei-shan akaandika. Kisha kalamu ikasimama. "Samahani kukusumbua, mashine hizi za zamani sizijui vizuri. Hiyo umeshaigeuza kuwa hesabu ya elfu?"

Hapa inabidi tusimame kidogo, maana kila kitu kilivunjikia hapa.

Wauza diski huhesabu kwa elfu. Elfu ya gigabaiti ni terabaiti, elfu ya terabaiti ni petabaiti, basi. Mashine ya zamani ya Chin-lien ilihesabu kwa elfu moja na ishirini na nne kila ngazi, na bado ikatumia majina yale yale. Kwenye ngazi ya chini tofauti ni ndogo, huioni. Lakini kila ukipanda inajizidisha. Ukifika terabaiti, imekaribia moja ya kumi. Ukifika petabaiti, kila elfu moja za mashine ni elfu moja mia moja ishirini na sita za muuza diski. Kwa hiyo ile moja nukta themanini na mbili, ikipimwa kwa kipimo cha makabati mapya, ni mbili na terabaiti arobaini na tisa juu yake. Haiingii.

Chin-lien aliijua hesabu hii kuliko jina la mkwewe. Miaka kumi nyuma aliagiza diski za terabaiti kumi, mashine ikamwonyesha tisa na ushee, akampigia muuzaji simu na kumwita mwizi mbele ya ofisi nzima. Muuzaji alimweleza kwa upole. Ofisi ilicheka mwezi mzima, na A-fu hajaacha mpaka leo. Usiku ule alikaa akakokotoa ngazi zote, akazihifadhi kichwani, na hakuna aliyewahi kumkamata tena.

Tena kupima alizaliwa nako. Mama yake alikuwa muuza vitunguu saumu sokoni, akiuza kwa jin, ambayo ni gramu mia sita, na walikuja wateja wa mjini waliotaka kwa kilo. Atakayechanganya, gunia litarudi limepungua. Likirudi, mama hakupiga kelele. Aliuliza swali moja tu: "Nani alipima?" Na aliyepima, hata awe mwanawe wa miaka kumi, alilibeba pungufu lile mgongoni mpaka mlangoni kwa mteja, akaomba radhi kwa mdomo wake.

Hayo yote alikuwa nayo kichwani, na jibu lilikuwa mdomoni. Akanyanyua macho amjibu. Kwenye daftari la Pei-shan, kwenye jalada, kulikuwa na ile picha: Pei-shan, makabati meusi, pakiti ya kijani. Mkurugenzi alikuwa ameichapisha kwa rangi.

"Nimeshaigeuza," Chin-lien akasema.

"Asante, Dada. Bila wewe ningepotea."

Ukimuuliza Chin-lien, hakukusudia kuharibu kitu. Filamu zingebaki salama kwenye mashine za zamani, ambazo zingekaa mpaka mwisho wa mwaka ndipo zichukuliwe. Hakuna ambacho kingepotea. Ghala lingejaa tu kabla ya wakati, binti wa shahada mbili angeona haya, na Mkurugenzi angekumbuka nani mwenye kuaminika. Aibu ndogo tu, kama aliyoipata yeye. Hivi ndivyo alivyojipangia, na mtu akijipangia uongo huwa anaupanga ukapangika.

Uhamisho ulianza. Majalada mia nne na kumi na mawili ya filamu, moja baada ya jingine, mchana na usiku. Na tazama binti alivyomfanya: alimpa Chin-lien karatasi ya ukaguzi.

"Dada Lien, kila asubuhi niangalizie kiwango kilichojaa, uweke alama kama ni sawa. Mimi nitakuwa nahangaika na skrini na wageni. Jicho lako naliamini kuliko langu."

Kila asubuhi, basi, Chin-lien alisimama mbele ya makabati meusi, akatazama kiwango kikipanda haraka kuliko kilivyopaswa, akaandika "sawa". Ya kwanza aligeuka kutazama mlango kabla ya kuandika. Ya kumi hakugeuka. Nje kiwanda cha sukari kilikuwa kimeanza kusaga miwa, na mji mzima ulinukia utamu, yeye peke yake mdomo ukawa mchungu.

Mara moja alikaribia kusema. Ilikuwa mwezi wa kumi na moja, Pei-shan ana mafua, kavaa barakoa, bado anaburuta nyaya sakafuni. Chin-lien akamwonea huruma. Akashuka na chai ya tangawizi, amkalishe, amwambie: mdogo wangu, hebu tuhesabu tena. Pei-shan hakuwa mezani. Juu ya meza ilikuwapo orodha ya majalada yote kwa mpangilio wa kuhamishwa. Chin-lien akaweka kikombe na, kama ambavyo mtu yeyote angefanya, akatafuta jina la baba yake.

Baba yake, Tsai Shui-mu, alichezesha vikaragosi kwenye viwanja vya mahekalu kwa miaka arobaini. Mwalimu mmoja wa kijijini alimpiga filamu akiwa nyuma ya jukwaa, kitu ambacho watazamaji hawakioni: mikono juu, mgongo umepinda, mdomo ukitoa sauti za mfalme na za kichaa kwa pumzi moja. Filamu zile ndizo zilizomleta Chin-lien Hifadhini. Zilisafishwa na kuingizwa kwenye mashine mwaka uliopita tu, na mama yake, mwenye miaka themanini na sita, alikuwa bado hajaziona. Chin-lien alimwahidi mara nyingi. Nitakuonyesha, mama, ngoja skrini nzuri ifike.

Akasoma orodha kutoka juu mpaka chini. Akairudia. Majalada mia nne na kumi na moja yalikuwa na majina, na la baba yake halikuwamo. La mwisho kabisa halikuwa na jina, liliandikwa tu "akiba ya ufunguzi". Hotuba ya Mkurugenzi, akafikiri. Hotuba ya Mkurugenzi ina nafasi na baba yangu hana!

Angeweza kuuliza. Swali lenyewe lilikuwa maneno matatu. Lakini mwenye wivu haulizi, mwenye wivu anajua. Akakichukua kikombe chake cha chai ya tangawizi, akainywa mwenyewe ngazini, ingali moto, ikamuunguza ulimi.

Kwa hiyo tarehe kumi ilifika na hakusema.

Ukumbi ulijaa. Wakuu wa vikundi walikuja na suti zao za harusi. Skrini kubwa ilining'inia mbele, na kwenye meza yenye kitambaa chekundu kilikaa kibodi, na kando ya kibodi kisanduku kidogo cha ufunguo. Chin-lien alijipanga safu ya pili, mahali pa kuona uso wa Pei-shan vizuri. Ndipo mlango wa pembeni ukafunguliwa, na A-fu akaingia akisukuma kiti cha magurudumu. Ndani yake alikuwa mama yake Chin-lien, kavaa koti la zambarau la sikukuu na kipini cha fedha nyweleni.

Chin-lien akakurupuka. "Mama! Nani kakuleta?"

"Yule mtoto," mama akasema, akimwonyesha Pei-shan kwa kidevu. "Kanipigia simu mwenyewe. Lugha yetu ya huku anaitafuna kama mfupa, lakini kajitahidi, kaniamkia vizuri. Kaniambia nije nimwone baba yako." Akashika mkono wa mwanawe. "Mbona wewe hukuniambia, A-lien?"

Mkurugenzi alikuwa ameshashika kipaza sauti. Alishukuru wageni. Alisema majalada mia nne na kumi na moja yameshahamia ghala jipya, na limebaki moja.

"Hili la mwisho," akasema, "Pei-shan alilificha hata kwenye orodha. Aliniomba niseme hivi: ni filamu za mzee Tsai Shui-mu, na atakayebonyeza ni binti yake, Dada Lien wetu, ambaye bila yeye kusingekuwa na kitu cha kuhamisha."

Wakapiga makofi. Mama yake alipiga makofi kwa nguvu kuliko wote. Chin-lien akasimama. Akapita katikati ya viti, akafika mezani, na Pei-shan akamsogezea kibodi kwa mikono miwili, kama mtu anavyompa mkubwa kikombe cha chai.

"Karibu, Dada Lien."

Jalada la baba yake lilikuwa na terabaiti sitini. Ghala jipya lilikuwa limebakiwa na kumi na moja. Alizijua namba zote mbili, ya pili aliisoma asubuhi ile ile na kuiandikia "sawa". Angesema nini, mbele ya watu mia mbili? Akabonyeza.

Skrini kubwa ikawa nyekundu. *Nafasi haitoshi. Zimepungua terabaiti 49.*

Ukumbi ukaanza kunong'ona. Pei-shan akainama kwenye kibodi, uso umemsawijika. "Haiwezekani," akasema chinichini. "Nilipima. Inaingia. Nilipima." Ilikuwa aibu ileile ambayo Chin-lien aliingoja kwa miezi mitatu, imeletwa mezani ikiwa moto, na hakuweza kuila.

Na hapo Mkurugenzi, mtu wa watu, akaitafutia njia. Akaenda kwenye mlango wa vioo wa ghala, akatazama juu ya kabati la kwanza, akashusha ile pakiti ya kijani na kuigeuza.

"Haa! Tazameni! Imepitwa na tarehe! Imekwisha jana!"

Ukumbi mzima ukapumua. Watu wakacheka kwa faraja, wazee wakatikisa vichwa, ndiyo, ndiyo, ndiyo maana. Mkuu mmoja wa kikundi akasimulia kwa jirani yake habari ya mashine ya tiketi iliyogoma vivyo hivyo. Sekunde kumi tu, na Pei-shan alikuwa ameshasamehewa na kijiji kizima.

"Sasa Dada Lien," Mkurugenzi akasema akicheka, kipaza sauti bado mkononi, "kukagua pakiti si kazi yako miaka yote hii? Umetuangusha, dada! Siku kama ya leo!"

Wakamcheka. Hawakumcheka kwa ubaya, lakini walicheka, na A-fu ndiye aliyesikika zaidi. Damu ikampanda Chin-lien. Yule kaweka pakiti na kupigwa picha, na sasa kosa ni la nani? Lake! Yule kabeba sifa, na yeye abebe tarehe ya vitafunio!

"Pakiti haina kosa!" akapiga kelele. "Ni hesabu! Moja nukta themanini na mbili ni ya mashine ya zamani, inahesabu kwa elfu moja na ishirini na nne! Izidishe kwa moja nukta moja mbili sita, unapata mbili na terabaiti arobaini na tisa! Haikuwa inaingia tangu siku ya kwanza! Mtoto yeyote anayejua kupima angeona!"

Alikuwa ameisema vizuri, namba moja baada ya nyingine, bila kukosea. Alikuwa hata ameinua kidole. Ndipo akaona kwamba hakuna anayecheka tena.

Pei-shan alikuwa amenyooka. "Tangu siku ya kwanza," akarudia polepole. Hakukasirika, alikuwa anaunganisha. "Nilikuuliza, Dada Lien. Nilikuuliza kama umeigeuza."

Chin-lien akakishusha kile kidole.

"Na kila asubuhi," Pei-shan akasema, "uliandika sawa."

Mkurugenzi akashusha kipaza sauti. Akamtazama mmoja, akamtazama mwingine, kisha akachukua kile kisanduku cha ufunguo mezani na kukitia mfukoni mwake bila kumpa mtu. Akawaambia wageni chakula kiko tayari uani. Watu wakatoka upesi kwa adabu, macho chini, kama wanaotoka nyumba yenye ugomvi wa mume na mke.

Chin-lien alibaki amesimama kando ya kitambaa chekundu. Hakuna aliyemwendea. Alipogeuka amtafute mama yake, kiti cha magurudumu hakikuwapo.

Aliwakuta chumba cha chini, kwenye mashine zake za zamani. Mlango ulikuwa wazi. Pei-shan alikuwa amewasha ile skrini ndogo ya mezani, yenye mkwaruzo pembeni, na amekisogeza kiti cha mama mpaka magoti yakagusa meza. Juu ya kila mashine pakiti za kijani zilikuwa zimekaa safu, zenye mwandiko mzuri, hakuna hata moja iliyopitwa na tarehe. Na kwenye skrini alikuwa baba yake, nyuma ya jukwaa, mikono juu, jasho linamtiririka shingoni, mfalme kwenye mkono wa kulia na kichaa kwenye mkono wa kushoto.

"Mwone," mama alikuwa akisema. "Mwone alivyojipinda. Nilimwambia mgongo utakuuma, akaniambia watu hawaoni mgongo." Alikuwa anacheka na machozi yanashuka, na mkono wake mkavu wa kupimia vitunguu ulikuwa umeushika mkono wa Pei-shan, umeukaza.

Chin-lien alisimama mlangoni. Mungu amsamehe, hata saa ile, kitu cha kwanza kilichomchoma ni ule mkono. Yeye ndiye aliyeahidi kumwonyesha. Yeye ndiye aliyezisafisha filamu zile fremu kwa fremu. Na mwenzake, aliyedanganywa na kuaibishwa saa moja iliyopita, ndiye aliyemsukuma mama hadi hapa. Hata kwenye wema alikuwa ameshapitwa.

Filamu ikakatika, sehemu ya kwanza imekwisha. Mama akapangusa macho kwa mkono wa koti. Kelele zote za ukumbini zilikuwa kwa lugha ya ofisini, ambayo yeye huisikia nusunusu.

"Mbona pale juu, kwenye kile kikubwa, hakuingia?"

Pei-shan akaitafuta lugha ya huku. "Nafasi, bibi. Nafasi imepungua."

"Imepungua?" Mama akageuza kichwa, na jicho la muuza vitunguu likarudi usoni mwake, kavu na la kazi. "Nani alipima?"

Pei-shan alikuwa amemwona Chin-lien mlangoni. Angeweza kusema neno moja tu, na kila mtu angempa haki. Akainamisha macho kwenye kibodi, akawa anaitafuta sehemu ya pili.

Chin-lien akaingia mpaka kando ya kiti.

"Mimi, mama," akasema. "Mimi ndiye niliyepima."

Mama hakumtazama. Akaendelea kukitazama kioo cheusi, akingoja mumewe arudi, na mkono wa Pei-shan hakuuachia.